Siku Kumi za Barbados

"Dada Albina, hili robota halina bandari."

Aliyesema ni Vuai, Mzanzibari mwenye stoo ya kargo nyuma ya majengo ya nguo ya mtaa wa Guangyuan Xilu, huku kwa Wachina. Sikumtazama. Nilikuwa nimekaa juu ya marobota yangu ya magauni ya watoto, miguu inaning'inia, simu mkononi, mawazo yote yako Barbados.

"Andika DAR," nikamwambia.

"Siandiki kwa kubahatisha. Limekuja na alama yenu, lakini chini pako patupu. Nikilipeleka Mombasa kumbe lako, utanililia mie. Nikilipeleka Dar kumbe la Mwenda, atanililia yeye. Shuka uangalie."

Kila mfanyabiashara wa huku ana alama yake, herufi chache zinazoandikwa kwa kalamu nene ubavuni mwa mzigo ili usipotee. Mimi nilikuwa ALB. Mwenda alikuwa MWD. Mwezi wa tatu akaja na wazo kwamba tutumie alama moja, MWALBI, Vuai atuhesabie nafasi moja stoo, halafu chini yake tuandike DAR kwa mizigo yangu ya Makambako na MSA kwa mizigo yake ya Meru. Vuai alicheka siku nzima. Alisema ugenini huku mtu akikugawia nusu ya alama yake mmeshaoana, imebaki pilau tu. Nilijifanya nimeudhika, kisha nikaenda zangu nikitabasamu njia nzima hadi hotelini.

"Subiri kidogo, Vuai. Natafuta chumba."

"Chumba cha wapi tena? Si mna vyumba hapa?"

"Barbados."

"Ehe! Kumbe safari ipo kweli!"

Ilikuwepo. Zilibaki wiki tatu. Na niseme ukweli, nilikuwa nimeshikwa. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne, ninayejua kubishana na laoban, mwenye duka wa Kichina, mpaka bosi wa watu anashika kichwa na kunipa bei yangu, nilikuwa nacheka peke yangu kwa sababu ya picha ya mchanga.

Tulianza kupanga tangu Pasaka, mimi na Mwenda, kwenye kile kimgahawa cha tambi tunachokula mchana. Yeye alitaka Jamaika, nikamwambia Jamaika kila mtu anaitaka kwa sababu ya muziki. Barbados pasipoti zetu zote mbili zinaingia bila viza, basi la abiria linapita pwani nzima kwa nauli moja, na ufukwe ni wa watu wote, hakuna wa kukudai kiingilio. Tukienda mwishoni mwa Novemba, kabla ya watalii wa Krismasi, vyumba viko chini. Nilishaweka masharti yangu. Hatulali kwenye hoteli ya kuvalishwa bangili mkononi ule na kunywa kwao tu. Tunachukua chumba chenye jiko, tunanunua samaki wenyewe, nawakaanga mimi. Begi ni moja kwa kila mtu, la kuingia nalo ndani ya ndege.

Sharti la Mwenda lilikuwa moja tu. Kila kitu kiwe cha kubadilika. Tiketi iwe ya kubadilisha tarehe, chumba kiwe cha kufuta bila kulipa.

"Biashara haina adabu, Albi," alikuwa akisema. "Kontena likichelewa je?"

Basi tukachukua tiketi za kubadilisha tarehe, ingawa zilikuwa ghali zaidi, na kweli zikabadilika. Kutoka Agosti tukaenda Septemba. Kutoka Septemba tukaenda Novemba. Kila mara alikuwa na sababu, na kila mara nilimwelewa, maana nami kontena langu limeshawahi kunitoa machozi.

Aliyekuwa hamwelewi ni mama yangu. Nilipompigia kumweleza, aliniuliza, "Mwanamume wa kupanda ndege tatu kwenda kukuonyesha bahari, anashindwaje kupanda basi moja aje kunionyesha mimi sura yake?"

"Atakuja, mama. Tukirudi tu."

"Mshenga wake ni nani?"

"Mama, wao ni Wakenya, wana taratibu zao."

"Wakenya hawana wazazi?"

Nilikuwa na jibu langu moyoni. Siku tuliyolipia tiketi, Mwenda alinishika mkono pale mgahawani, akanitazama kwa yale macho yake ambayo hayana haraka, akasema, "Kuna neno nataka kukwambia, lakini si hapa. Nitakwambia huko, baharini, tukiwa wawili tu." Mwanamke gani anaambiwa hivyo na asijue ni neno gani? Kesho yake nilipanda ghorofa ya nne ya jengo la nguo nikanunua gauni jeupe la kitani, refu, la mikono mifupi. Sikumwonyesha mtu. Nilishaamua kwamba nitakapokuwa najibu "ndiyo," nitakuwa nimevaa hilo.

"Dada Albina!"

"Nakuja, mwanaume wewe, nakuja."

Nikashuka. Robota lilikuwa la saizi ya kati, limefungwa vizuri. Nikachukua kisu cha Vuai, nikakata kamba upande mmoja, nikapasua gunia kiasi cha kupitisha mkono. Nikavuta.

Kitambaa kilichotoka kilikuwa rangi ya damu ya mzee.

Nikakijua pale pale. Wiki sita nyuma Mwenda alinichukua kwenda kwa laoban mmoja anayeshona sare za sherehe, akaniambia ana mteja wa Meru, familia nzima inataka nguo za harusi, na yeye hajui rangi. Nilisimama pale saa mbili. Nilikataa zambarau, nikakataa ile ya bluu inayong'aa kama bati. Nikamwambia chukua hii, damu ya mzee, na mshono wa dhahabu shingoni, inapendeza kwa mama mtu mzima na kwa msichana pia. Nikabishana bei mpaka laoban akachoka. Akatuuliza kama mzigo tuuandike alama ileile ya siku zote, na mimi ndiye niliyemjibu kwamba ndiyo, ileile.

"Ni la Mwenda," nikamwambia Vuai. "Sare za mteja wake. Andika MSA."

Nilikuwa narudisha kile kitambaa ndani vidole vilipogusa mitandio. Ilikuwa imekunjwa pamoja, myepesi, na ukingoni ina maandishi ya kudarizi. Nikauvuta mmoja niangalie kama laoban amedarizi vizuri, maana ndiyo kazi yangu, mzigo siupitishi bila kuukagua.

Ulikuwa umeandikwa: Mwenda na Kanana, 12 Desemba.

"Vipi?" Vuai akauliza.

Nikampa. Akasoma, akanirudishia, akakuna kidevu.

"Kina Mwenda wako wengi huko kwao," akasema taratibu. "Ni jina la watu."

"Ndiyo. Ni jina la watu."

Na nilitaka iwe hivyo. Naapa nilitaka. Ila mkono wangu ulishazama tena ndani ya robota, na ukatoka na karatasi ya vipimo ambayo mafundi huirudisha pamoja na nguo. Ilikuwa kwa mwandiko wa Mwenda, ile saba yake yenye mkia. Mama. Shangazi wa Nkubu. Kanana. Na chini kabisa, bwana harusi: kifua arobaini na mbili, shingo kumi na sita, mikono mirefu kuliko kawaida kwa inchi moja na nusu. Mimi ndiye ninayemnunulia Mwenda mashati. Hakuna mtu mwingine duniani ninayemjua mwenye mikono hiyo.

Nikakaa chini, juu ya gunia tupu. Vuai akaniletea maji ya moto kwenye kikombe cha plastiki, wanavyofanya watu wa huku kwa kila ugonjwa. Nikayashika tu. Nilikuwa nahesabu. Tungeondoka tarehe ishirini na nne, tukae siku kumi, turudi tarehe tano. Angebakiwa na wiki moja ya kufika kwao na kunyoa nywele.

Ndipo nikamsikia mlangoni.

"Niaje, Vuai! Yuko wapi huyu mrembo wangu?" Mwenda aliingia amebeba mfuko wa machungwa, uso umejaa furaha, simu ameishika mbele yake. Alikuwa mzuri. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini alikuwa mzuri. "Albi, acha kutafuta, nimekipata! Hauwezi amini. Kiko na jiko, kiko na kibaraza, na kutoka mlangoni mpaka kwa maji ni dakika tatu. Mwenyewe ni mama mmoja mzee, anakaa chini, sisi tunakaa juu. Bei ni nusu ya kile cha juzi!"

Nilimwacha aseme. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kuisikia mara ya mwisho.

"Kina neti?" nikamuuliza.

"Kiko na neti, kiko na feni. Na cha muhimu, unaweza kukifuta hadi siku moja kabla, na haukatwi kitu. Hata siku ya mwisho tukikwama..."

"Tukwame na nini, Mwenda?"

"Si unajua kontena."

"Au harusi."

Akasimama. Macho yake yakaenda kwa Vuai, yakaenda kwenye robota lililopasuliwa, yakashuka hadi mapajani mwangu, kwenye mtandio. Mfuko wa machungwa ukashuka polepole mpaka sakafuni. Nilikuwa bado nina tumaini dogo la kijinga kwamba atacheka. Kwamba ataniambia ni binamu yake, wana jina moja, kifua kimoja.

"Albi," akasema. "Hiyo haikufaa kuja hapa."

"Ndiyo jibu lako?"

"Nilimwambia laoban aandike alama yangu ya zamani. Nilimpigia nikamwambia."

"Amezoea ile yetu. Sisi ndio tuliomzoesha."

Vuai akakohoa, akasema anakwenda kuangalia lori, wala hapakuwa na lori. Akatoka akasimama nje ya mlango.

"Kanana ni nani?"

Mwenda akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu. "Ni msichana wa jirani. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Baba yake Kanana ndiye alinilipia karo mpaka nikamaliza. Huu mtaji nilioanza nao ni wake. Hawakuwahi kuniambia ni deni, Albi. Hata siku moja. Lakini mwaka jana mama aliniita akaniambia wazee wameshakaa, wameongea, na Kanana amengoja. Alikuwa analia kwa furaha. Ningesema nini?"

"Ungesema Albina."

Akainamisha kichwa.

"Mwaka jana, Mwenda. Tulikuwa tumeshajuana mwaka mzima."

"Najua."

"Ulinichagulisha nguo za harusi yako."

"Wewe ndiye unajua rangi," akasema, kwa sauti ndogo sana, na nadhani hakujua alichokisema. Nilitaka kumpiga kwa kile kikombe cha maji. Badala yake nilikiweka chini kwa uangalifu, kana kwamba ni cha kioo.

"Unampenda?"

"Namheshimu. Ni mtu mzuri. Haujui vile hiyo inafanya kuwa vigumu."

"Na mimi?"

"Wewe nakupenda." Alisema bila kusita, akinitazama, na mbaya zaidi ni kwamba nilimwamini. "Aki ya Mungu nakupenda. Sijawahi kupenda mtu hivi."

"Basi Barbados ilikuwa ya nini? Niambie. Mimi huku nanunua..." Nikaishia hapo. Sikutaka ajue kuhusu gauni jeupe. Hilo nililibakiza liwe langu. "Uliniambia kuna neno utanieleza baharini. Ni neno gani?"

Akaokota chungwa moja mfukoni, akaligeuzageuza.

"Ni neno gani, Mwenda?"

"Nilitaka nikwambie huko," akasema. "Nilitaka tupate siku zetu kumi, mahali hakuna mtu anatujua. Mombasa niko na mashangazi. Zanzibar uko na wateja. Nilitafuta mahali mbali kabisa, nikupikie, tuogelee, tulale na mchana. Halafu siku ya mwisho nikwambie. Nilifikiria ukiwa na hizo siku, haitakuuma sana."

Nje wapagazi walikuwa wanapita na mikokoteni yao wakipiga kelele watu wapishe. Nilizisikiliza hizo kelele mpaka zikaisha. Miezi saba. Miezi saba nilikuwa napanga fungate, na yeye alikuwa anapanga kuniaga. Tulikaa meza moja, tukala tambi sahani moja, tukatazama picha zilezile za ufukwe, na kila mmoja alikuwa na safari yake.

"Tarehe ulikuwa unazisogeza kwa sababu ya wao," nikasema.

"Walikuwa hawajakubaliana siku na kanisa."

"Siyo kontena."

"Mara moja ilikuwa kontena."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikahisi chumvi mdomoni, nikajua nalia. Mwenda akanyoosha mkono anifute, nami nikamwachia, kwa sababu mwili wangu ulikuwa bado haujaambiwa. Kiganja chake kilikuwa na harufu ya machungwa. Akasogea karibu.

"Twende," akasema. "Albi, nisikize. Tiketi tuko nazo. Chumba kipo. Twende tu. Siku kumi. Mimi na wewe."

"Halafu?"

"Usiulize halafu."

Nitasema jambo la aibu. Nilitaka. Kwa dakika nzima nilikuwa naiona ile nyumba ya juu, kibaraza, samaki kwenye kikaango, na yeye akitoka majini huku anatetemeka na kucheka. Niliwaza: ni wiki tatu tu toka sasa. Niliwaza: siku kumi si haba, wapo watu hawakupata hata moja. Moyo wangu ulikuwa tayari kuchukua hizo siku kwa bei yoyote, na mdomo wangu ulishafunguka kusema sawa.

Ila nikawaza siku ya kumi na moja. Uwanja wa ndege, kila mtu na begi lake dogo, yeye geti lake, mimi langu.

"Nitakwenda," nikamwambia, "lakini kwanza fanya kitu kimoja. Mpigie mama yako. Hapa, sasa hivi. Kwao ni saa nne asubuhi, ameamka. Mwambie kuna mwanamke anaitwa Albina na unampenda. Basi. Sikuambii uvunje harusi. Sikuambii unioe. Nataka mtu mmoja wa kwenu ajue kwamba nipo."

"Albi, tafadhali."

"Mpigie."

Akachukua simu, akakosea namba ya siri mara mbili, nikamhurumia, na nikachukia kumhurumia. Akapiga. Akaweka sauti ya nje. Ikaita mara mbili.

Mama akapokea kwa Kimeru, kwa sauti nzito ya uchangamfu, nyuma yake kuna kuku. Mwenda akajibu. Wakazungumza kidogo. Sikuelewa kitu ila jina la Kanana, ambalo mama alilitaja mara tatu. Nikamgusa Mwenda goti.

"Mama," akasema kwa Kiswahili. "Niko na mtu hapa. Anaitwa Albina."

Alikuwa amelisema. Jina langu lilikuwa limefika Meru.

"Albina ni nani?" mama akauliza.

Mwenda akafungua mdomo. Nilimwona akihangaika, naapa nilimwona. Akanitazama, macho yamejaa maji, na nikamwombea kwa nguvu zangu zote, nikiwa nimeukamata ule mtandio hadi kucha zinauma. Sema. Sema tu.

"Ni mfanyabiashara mwenzangu," akasema. "Wa Tanzania. Ndiye alinisaidia na zile nguo."

"Ai! Ndiye huyo? Hebu mpe simu nimsalimie!"

Alinipa simu bila kunitazama. Nikaipokea. Nilifundishwa na mama yangu kwamba mtu mzima anaamkiwa, hata kama unakufa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Nyinyi Watanzania mko na heshima jameni. Nimeona picha za hizo nguo. Ni maridadi! Nimewaonyesha mama wa kanisa wote wakashangaa. Asante sana kwa kumsaidia kijana wangu. Huko ni mbali, mimi huwa naomba kila siku apate watu wazuri."

"Asante, mama."

"Na wewe, mwanangu, umeolewa?"

Nilimtazama Mwenda. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, mabega yanamcheza. Ningeweza kumwambia yule mama. Maneno matatu tu, na Meru nzima isingelala. Lakini hakuwa amenikosea kitu.

"Bado, mama."

"Usijali kabisa. Mtu mwenye roho kama yako hawezi kosa wake. Leo jioni nitakuombea kwa jina. Nitamwambia Mungu amtafutie Albina bwana mzuri, mwaminifu, kama huyu wangu."

"Amina, mama," nikasema. Nikamrudishia mwanawe simu, nikampita Vuai mlangoni, nikaenda zangu nikilia waziwazi katikati ya wapagazi wa Guangyuan Xilu.